Jogoo Hulipa Nini kwa Kuwika?

Kila mtu alalaye katika nyumba ya kijiji anaijua sauti ya jogoo. Wazee wetu waliitumia kuwa saa. Mtu alisema, "Tuliondoka wakati wa jogoo la kwanza," na msikilizaji akafahamu kwamba giza lilikuwa bado zito na safari ilikuwa ndefu. Lakini wengi wamsikiao jogoo hawajapata kumtazama vizuri awikapo. Mtazameni. Kwanza hupigapiga mabawa. Kisha husimama wima, hunyosha shingo, hufungua mdomo wazi kabisa, na kifua chake hubanwa kama mvukuto wa mhunzi. Sauti itokayo hufika hata ng'ambo ya bonde. Halafu huinama, hudonoa punje mbili tatu, akaenda zake kana kwamba hakufanya kitu.

Mwili wote wa jogoo umeshiriki katika jambo lile. Basi, je, limemgharimu kiasi gani? Twajua kwamba kila kazi ya mwili hula chakula. Mtu alimaye tangu asubuhi hula zaidi ya mtu akaaye barazani, na punda aliyebeba mizigo hataki majani ya punda aliyefungwa. Jogoo naye, awikapo mara nyingi kila siku, je, hutumia nguvu nyingi za mwili wake kwa sauti tu? Swali hili laonekana kuwa la kitoto, lakini wataalamu wa elimu ya viumbe wamelishughulikia kwa miaka mingi, na jibu walilolipata halikuwa lile ambalo wengi walilitazamia.

Sababu ya kulishughulikia ni hii. Ndege dume huita ili majike wamsikie, na ili madume wengine wajue kwamba mahali pale pana mwenyewe. Sauti yake ni kama tangazo: "Mimi ni mzima, nina nguvu, msinisogelee." Lakini tangazo laweza kuwa la uongo. Ni kitu gani kimzuiacho ndege dhaifu asijitangaze kuwa hodari? Mwaka 1975 mtaalamu mmoja wa Israeli, Amotz Zahavi, alitoa wazo lililozungumzwa sana tangu hapo. Alisema kwamba tangazo huaminika likiwa ni la gharama. Fikirini habari ya mahari. Mtu aletaye ng'ombe kumi ameonyesha kwamba anao ng'ombe; lakini mtu asemaye tu, "Mimi ni tajiri," hakuonyesha kitu, maana maneno hayanunuliwi. Basi watu wengi walidhani kwamba sauti ya ndege ni kama ng'ombe wale: aitaye kwa nguvu na kwa muda mrefu huonyesha kwamba anazo nguvu za kutosha hata kuzitupa hewani. Wazo zuri, lakini lataka kupimwa. Na nguvu za mwili wa ndege hazipimwi kwa macho.

Njia ya kuzipima ilianza zamani sana, mjini Paris, katika majira ya baridi ya mwaka 1782 na 1783. Antoine Lavoisier na mwenzake Pierre-Simon Laplace walimtia simbilisi, yaani mnyama mdogo afananaye na panya asiye na mkia, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Joto la mnyama likayeyusha barafu, na maji yaliyochuruzika yakapimwa. Wakapima pia hewa chafu aliyoitoa kwa pumzi zake. Kisha wakafanya vivyo hivyo na makaa yanayowaka. Walipolinganisha hesabu zao waliona kwamba kwa kiasi kilekile cha hewa chafu, joto la mnyama na joto la makaa lilikuwa karibu sawa. Hivyo walifahamu kwamba kupumua ni namna ya kuwaka, ila moto wake ni wa polepole na hauna mwali. Chakula ndizo kuni, na oksijeni iliyomo hewani ndiyo ichocheayo. (Lavoisier mwenyewe hakuishi hata kuona mambo yote yaliyotoka katika kazi yake, alikatwa kichwa mwaka 1794 katika mapinduzi ya Ufaransa.)

Siku hizi hatuhitaji barafu. Ikiwa twajua mnyama ametumia oksijeni kiasi gani, twajua ametumia nguvu kiasi gani, kwa maana lita moja ya oksijeni itumikayo mwilini hutoa joto la kalori 5 hivi, zile kalori ziandikwazo katika vitabu vya chakula. Joto hilo latosha kupasha lita moja ya maji moto kwa digrii 5. Basi, ndege hutiwa katika sanduku lenye dirisha la kioo. Hewa huingizwa upande mmoja na kutolewa upande mwingine, na chombo hupima oksijeni iliyoingia na iliyotoka. Ile iliyopungua ndiyo aliyoitumia ndege.

Kwa maneno ni kazi rahisi, lakini kwa vitendo ina taabu mbili. Taabu ya kwanza ni kumpata jogoo akubali kuwika ndani ya sanduku, na ye yote aliyefuga kuku anajua kwamba jogoo hawiki kwa kuamriwa. Taabu ya pili ni kubwa zaidi. Kuwika kwa jogoo ni jambo la sekunde mbili hivi, lakini hewa ya sandukuni huchanganyika polepole. Ni kama kutia tone moja la maziwa katika mtungi wa maji, kisha kutaka kujua tone lile lilianguka saa ngapi. Tena ndege aliyemo sandukuni haiti tu. Hugeuka, huruka huku na huku, hushtuka. Mpimaji asipoangalia atahesabu kuruka pamoja na kuimba, na gharama yote ataitia katika sauti.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 1994 mtaalamu Eberhardt wa Marekani alichapa habari za ndege mmoja mdogo wa nchi ile, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kwa vipimo vyake ndege yule aimbapo alitumia oksijeni mara kadhaa kuliko apumzikapo. Waliopenda wazo la Zahavi walifurahi. Lakini mwaka 1996 wataalamu wengine walisimama wakaipinga hesabu hiyo, wakisema ni kubwa mno. Katikati ya miaka hiyo miwili, yaani mwaka 1995, ikatoka habari ya jogoo mwenyewe. Horn, Leonard na Weary, katika nchi ya Kanada, waliwapima majogoo wakiwika, wakaona kwamba oksijeni waliyoitumia haikuzidi sana ile waitumiayo katika mambo madogo ya kila siku, kama vile kusimama na kujisafisha manyoya. Katika kichwa cha habari yao waliandika kwamba maneno ni rahisi, yaani hayana bei kubwa.

Mwaka 2001 Oberweger na Goller waliendelea mbele zaidi. Waliacha sanduku, wakatengeneza kifuniko chepesi cha kuvishwa kichwani mwa ndege, chenye nafasi ndogo sana ndani yake, hata hewa haikupata mahali pa kukawia. Kwa njia hiyo waliweza kupima wimbo mmoja peke yake. Waliwapima ndege wa namna tatu, na mmoja wao ni yule chiriku wa manjano wa visiwa vya Kanari ambaye watu wa Ulaya humfuga katika tundu kwa ajili ya nyimbo zake. Kwa wote watatu, ziada ya kuimba ilikuwa ndogo. Kurukaruka kutoka kijiti hadi kijiti na kula mbegu kuliwagharimu zaidi kuliko kuimba.

Tufanye hesabu ndogo ili jambo hili likae vizuri akilini. Tuseme jogoo huwika mara 100 kwa siku, na kila mara ni sekunde 2. Jumla ni sekunde 200. Siku nzima ina sekunde 86,400. Sasa tumpe jogoo gharama kubwa kuliko ile waliyoiona wale wataalamu wa Kanada: tuseme kwamba katika kila sekunde ya kuwika nguvu zake hutumika mara mbili kuliko desturi. Hata hivyo ziada yote ya siku itakuwa sawa na sekunde 200 za maisha yake ya kawaida, na sekunde 200 ni sehemu moja tu katika 432 za siku. Yaani kama jogoo angeishi kwa punje 432 za mahindi kila siku, basi kwa kuwika kote, usiku na mchana, angehitaji kuongezewa punje moja.

Kwa nini sauti kubwa hivi iwe rahisi hivi? Kwanza, sauti yenyewe ni kitu chenye nguvu kidogo mno. Masikio yetu ni mepesi sana kusikia, ndiyo sababu twadhani kelele ni jambo kubwa. Lakini kelele zote za soko zima, kama zingeweza kukusanywa na kugeuzwa kuwa joto, zisingetosha kuchemsha chungu cha uji. Pili, ndege ameumbwa vizuri kwa kazi hii. Mtu ana kisanduku cha sauti juu, kooni. Ndege anacho chini, ndani ya kifua, pale koo la pumzi linapogawanyika kwenda katika mapafu mawili. Tena mapafu yake yameungana na mifuko ya hewa iliyotapakaa mwilini. Misuli ya kifua na tumbo huibana mifuko hiyo, hewa hutoka, na utando mwembamba ulio katika kisanduku kile hutetemeka na kulia. Hewa ile ingetoka kwa vyo vyote, maana kila kiumbe lazima apumue. Ndege huiongezea msukumo kidogo tu njiani. Chiriku aimbaye upesi sana hata huvuta pumzi ndogo ndogo katikati ya sauti moja na nyingine, hivyo aweza kuendelea kwa muda mrefu bila kukosa pumzi.

Linganisheni na kuruka. Ndege arukapo kwa kupiga mabawa hutumia nguvu mara kumi hivi kuliko apumzikapo, kwa kuwa hana budi kuuinua mwili wake wote angani. Mbele ya kazi hiyo, kuimba ni kama kupiga soga.

Msidhani, hata hivyo, kwamba sauti ni rahisi kwa wanyama wote. Chura ni habari nyingine. Mwaka 1985 Taigen na Wells walimpima chura wa mitini wa Marekani ambaye dume huita kwa saa nyingi usiku, mara maelfu. Waliona kwamba chura aitaye kwa bidii hutumia nguvu mara kumi na zaidi kuliko chura atulizaye mwili. Chura ana damu ya baridi, na akitulia hutumia kidogo sana. Lakini akiita hutumia misuli ya ubavu wake kwa nguvu zote, na misuli hiyo kwa dume ni mizito mara kadhaa kuliko ya jike. Mvua ya kwanza inyeshapo na madimbwi yote yanapolia, kumbukeni kwamba kazi ifanyikayo pale ni kazi ya jasho, ingawa chura hatoki jasho.

Turudi kwa jogoo. Ikiwa kuwika ni rahisi hivi, swali letu la kwanza limerudi na nguvu mpya. Mbona kila jogoo mdogo, aliyeota upanga juzi, hawiki kutwa kucha na kujifanya mfalme wa uwanja? Kinachomzuia si ukosefu wa mahindi.

Waswahili wanayo methali: Jogoo la shamba haliwiki mjini. Twaitumia kwa watu, kwa mgeni aliyekuwa msemaji kwao na sasa amekaa kimya mahali pageni. Lakini mtu aliyeitunga alikuwa amewatazama kuku vizuri. Mchukueni jogoo mpaza sauti, mtieni katika uwanja wenye jogoo mwingine mwenye nguvu, nanyi mtaona jinsi anyamazavyo. Akithubutu kuwika, mwenyeji humjia mbio, shingo imevimba manyoya, na mgeni hujibiwa kwa mdomo na kwa kipi.

Katika nchi ya Japani jambo hili limechunguzwa kwa utaratibu. Mwaka 2013 Shimmura na Yoshimura walionyesha kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake. Waliwaweka majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika usiku wala mchana, na bado waliwika kwa mpango wa siku, kana kwamba wanaona alfajiri ikija. Mwaka 2015, pamoja na mwenzao Ohashi, walitoa habari ya pili, nayo yanipendeza kuliko ya kwanza. Majogoo wakaao pamoja hujua nani ni mkubwa, nani wa pili, nani wa tatu, kwa kuwa wamekwisha kupigana. Alfajiri ifikapo, mkubwa huwika kwanza. Wa pili humfuata, kisha wa tatu, kila mmoja kwa zamu ya cheo chake. Wale wadogo nao wana saa ndani ya miili yao kama mkubwa wao, lakini humngojea. Na mkubwa alipoondolewa, yule wa pili ndiye aliyeanza kuwika.

Basi tangazo la jogoo lina bei, ila bei yake hailipwi kwa pumzi. Hulipwa kwa vita. Jogoo dhaifu aweza kuwika akitaka, lakini atakayemsikia atakuja kuuliza kama maneno yake ni ya kweli. Nadhani hapo wazo la Zahavi halikuvunjika, bali watu waliitafuta gharama katika mfuko usiokuwa wake.

Tena kuna ndege wengine ambao bei yao ni ya namna nyingine, nayo ni saa. Ndege aimbaye hawezi kula. Hii ni hasara ndogo kwa jogoo aliyeshiba mtama wa bibi, lakini ni hasara kubwa kwa ndege mdogo wa nchi za baridi. Ndege mdogo hupoteza joto upesi, kama kikombe kidogo cha chai kipoavyo kabla ya birika. Katika usiku mmoja wa baridi kali aweza kuunguza mafuta ya mwili wake hata uzito wake upungue sehemu moja kwa kumi. Hesabuni ingekuwaje mtu wa kilo 60 kuamka asubuhi ana kilo 54! Ndege huyo aamkapo, akiba yake imekwisha kupungua sana, na hapo hapo alfajiri, kabla ya kutia kitu tumboni, husimama juu ya tawi na kuimba. Je, ana nguvu za ziada, au anathubutu tu?

Mwaka 1990 Cuthill na Macdonald, katika Uingereza, walijaribu jambo rahisi ambalo hata ninyi mngeweza kulifikiri. Walichagua ndege weusi wa bustani, wenye midomo ya manjano, wakawaongezea baadhi yao chakula. Wale walioongezewa waliimba zaidi. Maana yake ni kwamba wale wasioongezewa walikuwa wanapunguza wimbo wao kwa ajili ya njaa. Wangependa kuimba, lakini walipaswa kwenda kutafuta riziki.

Ndege mwingine ni yule aitwaye naitingeli. Yeye husifiwa sana na watu wa Ulaya kwa kuwa huimba usiku, wakati ndege wengine wamelala. Ni ndege wa rangi ya udongo, asiye na uzuri wa kutazamwa. Majira ya baridi yakifika huko kwao huhama, na baadhi yao huja mpaka vichaka vya Afrika Mashariki, kwa hiyo huenda amekwisha kupita karibu na shule yenu nanyi msimtambue. Mwaka 2002 Thomas alichapa habari za ndege hawa waliopimwa uzito jioni na asubuhi. Usiku walioimba zaidi ndio usiku waliopungua uzito zaidi. Na ndege aliyeingia usiku akiwa mzito, mwenye akiba, ndiye aliyeimba zaidi.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: mbona chiriku alionyesha kwamba kuimba ni rahisi, na naitingeli anaonyesha kwamba kuimba kunakondesha? Mambo haya mawili hayapingani. Chiriku alipimwa kwa wimbo mmoja, sekunde chache, akilinganishwa na yeye mwenyewe alipokuwa macho bila kuimba. Naitingeli alipimwa kwa usiku mzima. Aimbaye usiku kucha halali, na mwili ulalao hutumia nguvu kidogo kuliko mwili ulio macho. Senti moja si kitu, lakini atoaye senti moja kila dakika, hata kuche, ataona mfuko wake umekuwa mwepesi.

Bado sijasema habari za wale wapigao kelele kuliko wote, nao ni makinda. Kila mtu aliyesimama chini ya mti wenye viota anaijua sauti yao mama arudipo na chakula: midomo yote hufunguliwa, shingo zote hunyoshwa, kila mmoja hulia, "Mimi! Mimi!" Hapa napo ilidhaniwa kwamba kelele zile huwachosha makinda sana, na kwamba kwa sababu hiyo alie zaidi ndiye mwenye njaa kweli. Mwaka 1996 Leech na Leonard waliwapima makinda wa mbayuwayu mmoja wa Marekani ya Kaskazini atagaye katika matundu ya miti. Kinda alipolia na kunyosha shingo alitumia nguvu zaidi ya alipotulia, lakini ziada ilikuwa kiasi cha robo tu.

Robo ni kidogo. Lakini kinda si ndege mzima. Ndege mzima ana kazi ya kuulinda mwili alio nao, na kinda ana kazi ya kuujenga mwili upya, upesi, katika majuma mawili matatu, kabla nyoka au kunguru hajakiona kiota. Kila kitu anachotumia kwa kelele kimetolewa katika fungu la ujenzi. Mwaka 2001 Kilner, wa Uingereza, alichukua makinda wa chiriku, akawalisha kwa mkono chakula cha kiasi kimoja. Tofauti ilikuwa moja tu: wengine walipewa chakula mara walipoanza kulia, na wengine waliachwa walie muda mrefu kwanza. Wale waliolia muda mrefu waliongezeka uzito polepole zaidi, ijapokuwa walikula sawasawa na wenzao. Kwa kinda, kuchelewa kukua si jambo dogo. Aachwaye nyuma na ndugu zake leo, kesho shingo yake itakuwa fupi kuliko zao, na chakula kitaishia midomoni mwa wengine.

Tena kelele humwita mama, lakini mama siye peke yake mwenye masikio. Mwaka 1994 mtaalamu wa Marekani aitwaye Haskell alitengeneza viota vya bandia, akatia ndani mayai ya kware, na karibu ya baadhi yake akaweka chombo cha kutoa sauti za makinda wanaolia. Viota vya chini ardhini vyenye sauti vilivamiwa na wanyama wala nyama zaidi kuliko vile vilivyokuwa kimya. Hivyo kinda aliye kiotani chini hana budi kupima: nikinyamaza nitakosa chakula, nikipiga kelele huenda nikawa chakula.

Mmoja tu aonekana kuvuka mipaka yote. Ni kinda wa kekeo. Kekeo ni ndege ambaye hutaga yai lake katika kiota cha mwingine na kumwachia ulezi. Hapa kwetu yuko mmoja ambaye huwaonea sana mnana, wale ndege wa manjano wasukao viota vya kuning'inia. Kinda wa kekeo wa Ulaya huwatupa nje makinda na mayai ya mwenye nyumba, akabaki peke yake. Lakini mdomo mmoja hauwezi kuwatia wazazi bidii kama midomo minne. Mwaka 1998 Davies, Kilner na Noble walionyesha anavyofanya: hulia upesi upesi sana, hata sauti yake peke yake hufanana na sauti ya kiota kizima kilichojaa makinda wenye njaa. Wale wazazi wadogo, ambao yeye amekwisha kuwapita kwa ukubwa, humletea chakula kama wanalisha watoto wanne. Yeye hana ndugu wa kushindana naye kwa kupata chakula, wala hana ndugu wa damu kiotani atakayeumia kwa kelele zake. Kila anachotumia hurudishiwa mara nyingi.

Kazi ya kufanya. Chagueni jogoo mmoja wa nyumbani, mmtazame kwa siku tatu. Kila siku hesabuni amewika mara ngapi kutoka saa kumi na moja alfajiri hata saa moja, kisha tena saa moja nzima ya mchana. Andikeni idadi, na pembeni andikeni alifanya nini mara tu alipokwisha kuwika, kama alikula, alitembea, au alisimama akisikiliza. Ikiwa katika ujirani wenu kuna majogoo matatu au zaidi ambayo mwazitambua sauti zao, andikeni kila alfajiri ni nani aliyeanza na ni nani waliomfuata. Mwulizeni mwenye kuku ni jogoo gani awapigaye wenzake, lakini msimwulize kabla ya siku ya tatu, ili jibu lake lisiyapotoshe masikio yenu. Kisha fanyeni upya ile hesabu ya punje za mahindi, mkitumia idadi ya jogoo wenu badala ya ile 100 niliyoitumia mimi.